Picha Iliyokatwa

"Uliza wenzako," alisema Abby Mugure kabla Inspekta Jepkemboi hajamaliza kufuta viatu mlangoni. "Mnakuja kuniuliza mimi ndio ionekane mmefanya kazi. Enda ofisini kwenu uulize kadi iko wapi."

Jepkemboi alimaliza kufuta viatu, kwa sababu matope ya Kiamunyi hayana adabu, kisha akaingia. Ilikuwa Jumapili asubuhi na vipaza sauti vya makanisa matatu vilikuwa vikishindana ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameshazoea kupokewa hivyo. Tangu maandamano ya mwezi wa sita, hata mama mboga aliyekuwa akimwongezea dania alianza kumfungia mfuko haraka haraka ili aondoke. Jambo hilo lilimtia aibu, na hakuwa na la kujitetea. Risasi iliyomuua Kiplangat, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Njoro, ilitoka kwenye bunduki ya polisi mwenzake. Konstebo mwenyewe hakukana kufyatua. Alichosema ni kwamba kijana alimjia na chupa ya petroli mkononi.

Abby ndiye aliyepiga picha ya tukio lile. Nakuru nzima iliijua: uso wa Kiplangat umegeuka nyuma juu ya bega, mdomo wazi, picha imeishia kifuani. Ilichapishwa kwenye fulana na kuchorwa kwenye kuta. Lakini mawakili wa konstebo walisimama kortini wakasema picha iliyokatwa si ushahidi, kwa maana chupa inaweza kuwa pale pale ilipokatwa. Hakimu akaamuru kadi yenyewe ya kamera, si nakala wala picha ya karatasi, iletwe Jumatatu, ifunguliwe na mtaalamu mbele ya watu wote. Wakili wa familia akamkanya Abby asiichomeke kadi hiyo kwenye mashine yoyote hadi siku hiyo. Jumamosi jioni Abby alirudi kutoka Nairobi, akafungua kopo la majani chai alikoificha, na kadi haikuwemo. Bila kadi hiyo, kesho yake konstebo angerudi nyumbani kwake akiwa mtu huru, na Kiplangat angebaki kwenye kumbukumbu za korti kama mtu aliyetaka kuchoma watu.

Bosi wa Jepkemboi alimtuma kwa maneno machache. "Chukua statement. Usijichoshe sana." Alimwelewa vizuri kuliko alivyotaka kumwelewa.

Alianza na sebule. Kufuli la mlango halikuwa na mkwaruzo. Nondo za madirisha zilikuwa nzima. Mezani palikuwa na kamera mbili na lenzi ndefu ambayo ingeuzwa siku hiyo hiyo pale mjini bila maswali, na hakuna aliyeigusa. Kopo la majani chai lilikuwa jikoni, nyuma ya sukari, kifuniko kimebanwa sawasawa.

"Uliikuta imefungwa hivi?"

"Hivyo hivyo."

Mwizi aliyejua kopo, akaacha kamera, kisha akafunga kifuniko. Jepkemboi alirudi sebuleni akatazama kuta. Mwanamke huyu alikuwa amefanya kazi. Kulikuwa na familia zilizohamishwa msitu wa Mau, zimekaa kando ya barabara na vitanda vyao kwenye mvua. Kulikuwa na mikono ya wachuma maua, ngozi imebambuka, na darasa ambalo maji ya ziwa yalikuwa yamefika hadi chini ya ubao. Watu wote waliopigwa picha walikuwa wanamtazama mpiga picha usoni bila woga.

"Hawa wote walijua unawapiga?"

"Walijua na waliziona. Hiyo ndio sheria yangu. Picha haitoki kabla mwenyewe hajashika ya karatasi kwa mkono wake. Akikataa, haitoki."

"Na kama mwenyewe amekufa?"

"Napelekea mama yake."

Jepkemboi alisogea mbele ya picha ya Kiplangat. Alikuwa ameiona mara nyingi, lakini hakuwahi kusimama kuitazama. Mabega ya kijana yalikuwa yamevutwa mbele na kuelemewa kidogo, ya mtu ambaye mikono yake ina kazi.

"Alikuwa ameshika nini?"

"Si chupa."

"Sikuuliza si nini."

Abby aligeukia dirisha. "Kadi ingeonyesha."

"Nani alijua kadi iko kwa kopo?"

"Mimi na wakili."

"Na nani mwingine?"

"Si nimesema?"

Aliyasema hayo akiwa bado ameangalia dirisha. Jepkemboi aliona, akatoka nje kumtafuta mwenye nyumba.

Mwenye nyumba aliitwa Mama Shiko, mjane mnene aliyeishi nyumba ya mbele ndani ya ua ule ule na kushika funguo za wapangaji wake wote. Alikuwa amevaa nguo za kanisa lakini hakwenda, maana siku hiyo nyumbani kulikuwa na mambo matamu kuliko mahubiri.

"Hapa hakuna mtu ameingia," alisema kabla ya kuulizwa. "Mimi nakaa hapa kwa geti kutwa nzima. Abby alitoka Alhamisi, akarudi jana. Katikati, hakuna mtu."

"Hakuna mgeni? Fundi?"

"Nimekwambia hakuna. Ni Probox tu ilikuwa imepark hapo nje Ijumaa. Nyeupe. Wanaume wawili wamekaa tu, hawashuki, hawanunui hata soda. Ata nilipiga picha namba." Alitoa simu kifuani na kumnyooshea. "Si nyinyi?"

Jepkemboi alitazama namba. Aliijua. Wiki iliyopita gari hilo hilo lilimpeleka yeye Njoro kuchukua maelezo ya wanafunzi. Alimrudishia Mama Shiko simu yake, akasema asante, na masikio yake yalikuwa ya moto.

Sajenti Kiprugut, aliyekuwa akiliendesha gari hilo, alipatikana mahali anapopatikana kila Jumapili, kwenye car wash nyuma ya stendi, amekaa kwenye kiti cha plastiki huku vijana wakipaka gari lake povu. Mkononi alikuwa na soseji ya smokie iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari. Alipomwona Jepkemboi alianza kutabasamu, kisha akaacha.

"Madam. Leo pia uko kazi?"

"Ijumaa ulikuwa Kiamunyi."

Kiprugut alitafuna polepole. "Tulitumwa."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Yule mpiga picha akiangalia dirisha atuone. Hiyo ndio ilikuwa kazi. Aogope kidogo kabla ya Monday." Alisema hivyo akiangalia povu. "Na hata hakuwa kwa nyumba. Tulikalia nyumba tupu siku mzima."

"Nani aliwatuma?"

"Hiyo usiniulize, madam, na hutasikia nimekudanganya."

"Mkaingia ndani."

"Hatukuingia."

"Kwa nini nikuamini?"

"Kwa sababu tungeingia tungebeba kamera pia. Na tuvunje dirisha. Ndio ionekane ni wezi." Aliifunga smokie kwenye karatasi yake bila kuimaliza. "Sisi hatuwezi acha mambo safi hivyo."

Jepkemboi alimwamini, na akaona haya kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kumwamini. Huyu alikuwa amekula kwake Krismasi. Watoto wake walimwita anko.

"Mkiwa hapo, nani aliingia kwa geti?"

"Hakuna mtu. Tuliangalia poa. Mwanaume hata mmoja hakuingia."

"Sikuuliza wanaume."

Kiprugut alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ah. Wamama? Wamama hatukuwa tunaweka maanani."

Aliporudi Kiamunyi, Abby alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, hasira zimemwishia. Jepkemboi alimwambia ukweli: gari lilikuwa la kwao, lilitumwa kumtisha, na waliokuwa ndani hawakuingia. Hakuongeza maelezo ya kuwatetea. Abby akasimama.

"Wewe ni wa kwanza kuniambia kitu bila kunizungusha. Wacha niweke chai."

Alifungua friji, akasogeza vitu, akatoa chombo cha plastiki cha lita tatu, kile cha mafuta ya kupikia, kimejaa maziwa. "Mama Shiko huniwekea nikisafiri," alisema, akakiinamisha juu ya sufuria. Kilichotoka kilianguka kwa mabonge, kizito, na kilikuwa na michirizi ya kijivu. "Ai. Imeharibika. Na iko na majivu."

"Usimwage."

Jepkemboi alichovya kidole akaonja. Moshi, ukali kidogo, na ile ladha ya mkaa wa mti ambayo mama yake alikuwa akisugua ndani ya kibuyu kila asubuhi. Hakuna duka Nakuru linalouza mursik, maziwa ya kuchachusha ya Wakalenjin, ya namna ile. Hiyo ilikuwa imekaa kwenye kibuyu cha mtu anayejua, mahali pa baridi, na ilikuwa imemiminwa kwa ajili ya mgeni wa heshima.

"Haijaharibika," alisema. "Hii ni mursik, na si ya hapa chini. Mama Shiko ni mtu wa wapi?"

"Wa Nyeri."

Walimwita. Mama Shiko alikuja akijifuta mikono, akatazama chombo bila wasiwasi wowote.

"Hiyo si yangu. Hiyo ilileta yule mama."

"Mama gani?"

"Wa Ijumaa. Ametoka huko mbali, amebeba maziwa na mkono, mtu wa heshima zake. Anauliza Abby. Nikamwambia hayuko. Sasa maziwa itakaa kwa jua? Nikamfungulia aweke kwa fridge."

"Ulisema hakuna mtu aliingia."

"Mtu hakuingia," alisema Mama Shiko, akashangaa kwamba inspekta mzima haelewi. "Ni mama alileta maziwa."

"Ulikaa naye ndani?"

"Nilikuwa na chapati kwa moto. Nilimwacha kidogo tu. Akatoka, akafunga mlango, akaniombea baraka akaenda." Hapo sauti yake ilianza kupungua. Alimtazama Abby, akatazama kopo la majani chai, na mikono yake ikarudi kwenye aproni kujifuta mara ya pili. "Lakini alikuwa mama tu, jameni."

Alipoondoka, Jepkemboi alivuta kiti akakaa. Hakuhitaji kuuliza tena nani mwingine alijua kopo.

"Ni Milcah," alisema Abby mwishowe. "Mama yake Kiplangat. Alilala hapa mara ya mwisho kesi ilipotajwa. Mimi mwenyewe nilimwonyesha. Nilimwambia, Mama, usiwe na wasiwasi, ushahidi wa mtoto wako uko hapa, hakuna mtu ataugusa."

"Na alishaona picha nzima."

"Nilimpelekea Olenguruone baada ya mazishi. Kile kiprinta changu kinasoma kadi. Nilitoa moja tu."

"Iko na nini?"

Abby alifunika uso kwa viganja, akazungumza kutoka humo humo. "Mtungi wa gesi. Ule mdogo. Supermarket ilikuwa imevunjwa, watu wanabeba. Ameukumbatia na mikono yote mbili, anakimbia. Amempatia askari mgongo."

"Mgongo kabisa?"

"Mgongo kabisa."

Jepkemboi alielewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Picha ile nzima ingemmaliza konstebo kwa dakika chache, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kushambuliwa na mgongo. Na ingewaonyesha watu wote, waliovaa fulana na wasiovaa, kwamba shujaa wao alikuwa anatoka kuiba.

"Ukaikata."

"Nikaikata kwa simu, hapo hapo barabarani, nikaiposti. Nilitaka wamhurumie. Nawajua watu wetu, Inspekta. Wakiona mtungi watasema mwizi, aliyataka mwenyewe, story imeisha." Aliondoa mikono usoni. Macho yalikuwa mekundu. "Miaka hii yote najitangaza kwamba mimi sichezi na picha. Siku moja tu nimecheza, na hiyo ndio nafasi mawakili wameweka chupa. Mimi ndiye niliwapa. Naona aibu hata kuingia mjini."

"Na Milcah ulimwambia nini?"

"Nilimwahidi hakuna mtu ataona. Halafu Jumatano wakili akasema lazima. Nikampigia simu nikamwambia itafunguliwa mbele ya watu. Alisema sawa. Sawa tu, akakata." Alimshika Jepkemboi mkono wa koti. "Usimfunge pingu. Tafadhali."

"Leo kabla ya giza nitakuwa nimerudi," alisema Jepkemboi. "Mpigie wakili, umwambie asilale."

Alipanda kwa gari peke yake, Njoro, Elburgon, Molo, Keringet, hewa ikizidi kuwa baridi kila mlima. Olenguruone ilikuwa na ukungu mchana kweupe. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wamejifunga mashuka juu ya suti, na kila aliyeulizwa nyumba ya marehemu Kiplangat alionyesha kwa kidevu, kisha akaliangalia gari hadi likapotea.

Kaburi lilikuwa upande wa chini wa nyumba, karibu na viazi, udongo wake ungali umeinuka. Milcah alitokea mlangoni kabla ya kuitwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, sweta limefungwa vifungo vyote.

"Chamgei, Mama."

"Chamgei mising. Ingia ndani, kuna baridi."

Hakuuliza Jepkemboi ni nani wala ametoka wapi. Alimkalisha karibu na moto, akamimina chai, akakaa kwenye kigoda na mikono yake katikati ya magoti. Jepkemboi alikunywa kwanza, maana kumhoji mtu kabla ya kugusa chai yake kungekuwa matusi ndani ya nyumba yenye msiba.

"Mimi ni Jepkemboi, wa upelelezi Nakuru. Nimetoka kwa Abby. Nimeonja mursik yako."

Milcah alitikisa kichwa polepole kukubali.

"Mama, hiyo mursik ndio imenileta. Ungeenda bila kitu, ningekuwa bado natafuta wanaume wa Probox."

"Ningeingia kwa mtu mikono mitupu?" alisema Milcah. Alisema kwa mshangao wa kweli, kisha akasikia alichosema na akainamisha kichwa. "Sikuenda kuiba. Nilienda kumwomba Abby aniachie. Nilitaka nipige magoti. Sikumpata. Yule mama akanifungulia, akaniacha, na kopo lilikuwa hapo. Nikiwa njiani kurudi nilifunika uso na leso. Nilihisi kila mtu kwa barabara anaona."

"Iko wapi?"

Aligusa mfuko wa sweta. "Nilitaka kuichoma. Niliisogeza kwa huu moto, nikaitoa. Nikaisogeza tena. Yeye yuko ndani."

Moto ulipasuka kidogo. Jepkemboi aliweka kikombe chini. Sheria ilimruhusu kunyoosha mkono na kuchukua, na alijua kabisa kwamba bosi wake angefurahi zaidi asiponyoosha. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutaka kufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Nitakwambia vile iko, Mama, sitakuzungusha. Kesho tukikosa kadi, itaandikwa kwamba Kiplangat alikuja na petroli na askari alijitetea. Yule askari ataenda nyumbani. Tukiwa nayo, kila mtu ataona alipigwa akiwa amegeuka, anakimbia."

"Na wataona alichobeba."

"Wataona."

"Itaandikwa mwizi."

"Hatashtakiwa. Lakini itasemwa."

"Hakuna njia nyingine? Wafunike hapo chini tu. Abby aliweza."

"Ndio hapo shida ilianzia, Mama."

Milcah aliangalia mafiga. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Mimi sijawahi kumwambia nataka gesi," alisema. "Si tuko na kuni? Uliza mtu yeyote. Sijawahi kulia moshi mbele ya huyo mtoto."

Jepkemboi alisukuma ukuni mmoja ndani ya moto. Alikuwa amevaa uso wa kazi kwa miaka mingi, lakini sasa haukukaa.

"Ingekuwa aibu ni yangu, ningeibeba," Milcah aliendelea. "Lakini baba yake alisimama hapo nje siku ya mazishi. Askofu yuko, chifu yuko, watu mpaka barabarani. Akashika jeneza akasema, huyu mtoto hajawahi kugusa kitu cha mtu. Akarudia. Watu wakapiga makofi. Yeye ni mzee wa kanisa, amefundisha watoto wa hapa wote amri za Mungu. Na mimi nimekaa tu, wakati huo sijaona picha, nami nikapiga makofi. Abby alipoileta, sikumwonyesha. Niliificha chini ya godoro letu, analalia."

"Mpaka leo hajui?"

"Hajui."

Nje kulisikika mtu akikung'uta viatu ukutani. Milcah alijifuta uso haraka kwa mkono wa sweta, lakini mzee alikuwa ameshaingia. Alikuwa mrefu, amevaa suti ya kahawia na kofia, na kitabu cha nyimbo kwapani. Alimsalimia mgeni kwa heshima, akatoa kofia, akatazama mke wake na kuona kwamba amelia.

"Kuna nini?"

"Mimi ni afisa wa upelelezi, mzee," Jepkemboi alianza, akisimama. "Kuhusu kesi ya kesho..."

"Wacha nimwambie mimi," alisema Milcah.

Alisimama pia. Alikuwa mfupi kuliko mume wake kwa kichwa kizima, na alimwangalia kwenye kifungo cha koti badala ya usoni.

"Baba Kiplangat, kaa chini."

"Niko sawa."

"Mtoto wetu siku hiyo alikuwa amebeba kitu. Mtungi wa gesi. Wa supermarket. Abby ana picha yote. Nimejua tangu mwezi wa saba. Ijumaa sikuenda kwa dada yangu, nilienda kwa Abby nikaiba hiyo kadi ndio isionekane."

Mzee hakukaa. Alibaki ameshika kofia kwa mikono yote miwili mbele ya tumbo. Alimtazama Jepkemboi, na mtazamo huo ulikuwa mzito kuupokea, kwa sababu ndani yake hapakuwa na hasira hata kidogo.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Hakuuliza mtoto alikufaje, wala kesi itakuwaje. Jepkemboi aliinamisha macho sakafuni kana kwamba yeye ndiye aliyeulizwa jambo la siri.

"Abby, wakili, na sisi hapa," alijibu Milcah. "Kesho asubuhi, kila mtu."

"Alikuwa ameangalia wapi?" mzee alimgeukia Jepkemboi. "Kwa hiyo picha. Alikuwa anamwendea askari?"

"Hapana, mzee. Alikuwa amempa mgongo. Alikuwa anakimbia."

"Akiwa na mtungi."

"Ndio."

Mzee alikaa sasa. Alikaa ghafla, kiti kikalia, na kwa muda alikuwa anakunja ukingo wa kofia na kuukunjua. Jepkemboi alisikia mvua ikianza juu ya mabati. Alitaka kusema kitu cha kumpunguzia, kwamba siku ile nusu ya mji ilibeba, kwamba wachungaji pia walionekana na unga, lakini aliona itakuwa ni kumdharau.

"Utamshika mke wangu?" mzee aliuliza.

"Nitaandika kwamba familia ndiyo iliyoleta kadi. Ikiletwa."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Hakumtazama Milcah, lakini aliponena alinena naye.

"Mimi ndiye nilisema yale maneno mbele ya watu. Hukusema wewe. Na yeye hakuwa hapo kunirekebisha." Aliweka kofia juu ya goti. "Mpe kadi. Kesho tutashuka na gari la kwanza, na mimi nitakaa kiti cha mbele kabisa, mahali hakimu anaona na hawa watu wa kanisa wanaona. Wakiangalia hiyo picha, waniangalie na mimi."

Milcah alilia kwa sauti, mara moja tu, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta na kufungua fundo la kitambaa. Kadi ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa dole gumba. Jepkemboi alikuwa na bahasha ya ushahidi tayari kwenye koti, na utaratibu ulitaka aifungue kwanza. Aliiacha bahasha ilipokuwa, akapiga hatua, akaipokea kadi kwa mikono miwili.